Kabini ya Norelle

Le Marin, Martinique
8 Januari

Kwako Norelle,

Salamu kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama yako, na kwamba kile kikohozi kilichokushika Krismasi kimekuachia. Mimi sijambo. Mama yangu naye hajambo, isipokuwa goti.

Hunijui. Naitwa Loriane, nina miaka kumi na sita, na baba yangu ni Raynald, nahodha wa ile boti ya matanga, katamarani, inayowaleta watalii Bequia. Nafikiri ndiye baba yako pia. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta kwa penseli mara nyingi, kwa hiyo leo nimechukua kalamu ya wino.

Aliyeniambia ni Mama Vivi, mpishi wa boti, tena bila kukusudia. Nilikwenda gatini kumsaidia kushusha mashuka machafu. Akaniona nimekunja uso kwa ajili ya jua, akasema, "Mungu wangu, wewe na yule wa Bequia mmekunja uso mmoja." Nikamuuliza yule yupi. Akajifanya anahesabu foronya. Mimi siwezi kumbana mtu kwa maneno, lakini kusimama naweza. Nikasimama. Mwishowe akasema, "Mtoto, usiniulize mimi. Kamuulize aliyekuzaa."

Sikumuuliza. Jina lako na kikohozi chako nilivipata kwa Mama Vivi baadaye, kidogo kidogo. Baba akiwa nyumbani huwa amelala, au anasikiliza hali ya hewa huku ameinua kidole ili tusiseme.

Usinicheke kwa Kiingereza changu. Shuleni tunasoma nusu kwa Kifaransa na nusu kwa Kiingereza, nyumbani ni Krioli, na katika zote tatu mimi ni yule anayekaa dirishani. Barua hii imekuja kwenye mfuko wa aproni ya Mama Vivi. Kwa hiyo aliyekuletea ni baba mwenyewe, ila hajui.

Nataka kujua kitu kimoja tu, halafu sitakusumbua. Huko kwenu, huwa anaongea?

Loriane, binti wa Raynald


Port Elizabeth, Bequia
22 Januari

Loriane,

Salamu zimefika. Kikohozi kimekwisha, mama hajambo, anamsalimia mama yako bila kujua anamsalimia nani. Nilimwambia tu kuna mama mmoja Martinique anaumwa goti. Akasema ajipake mafuta ya nazi yenye moto.

Kiingereza chako kimenichekesha hata hivyo. Unaandika kama karani wa benki anayemnyima mtu mkopo. "Natumaini barua hii inakukuta mzima." Mzima nilikuwa, mpaka nilipoifungua. Niliisoma nikaisukuma chini ya cherehani, nikashona tanga zima la Mwingereza mmoja bila kujua nashona nini. Mimi kazi yangu ni hiyo, karakana ya matanga karibu na gati. Nina miaka ishirini na mitatu.

Sasa nikuambie ya kwetu. Baba alituambia anaishi ndani ya boti. Kwamba hana nyumba, hana mtu, na Martinique ni mahali pa kujaza maji na kubadilisha wageni. Mama anamhurumia. Wageni wakishuka kununua fulana, yeye anapanda mlimani kwetu, na mama anamchomea shelisheli kwenye makaa, na samaki wa chumvi, kwa sababu mwanamume asiye na jiko hawezi kula vizuri. Anakaa saa moja. Honi ya boti ikilia, anavaa kofia.

Unauliza kama anaongea. Anaongea kama redio iliyosahauliwa. Anamtania mama, anagonga mezani dhumna mpaka jirani anauliza kuna nini, na akishindwa anaimba.

Nimeandika hilo halafu nikakufikiria, nikataka kulifuta. Lakini wewe uliandika kwa wino.

Sina ndugu mwingine. Yaani, nilikuwa sina.

Norelle


Le Marin
5 Februari

Dada Norelle,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Mama amejipaka mafuta ya nazi. Nilimwambia nimesoma mahali.

Niruhusu nikuite dada. Nimejaribu kuandika jina peke yake likaonekana tupu, kama kiti.

Nitakuambia ukweli. Niliposoma kwamba anaimba, nilikuchukia siku mbili. Nilimwangalia mezani anakula kimya, nikafikiri: uimbaji wote ameuacha Bequia, huku analeta mifuko ya nguo za kufua. Kisha chuki ikaisha, kikabaki kile kitu kingine, ambacho sina jina lake. Sasa ni wakati wa Kanivali. Darasa zima limevaa magwanda na kupita barabarani na ngoma. Mimi nimewatazama kupitia mapazia. Si kwamba walinikataza.

Lakini kuna habari. Mama Vivi amemwambia baba kwamba safari ya Pasaka anahitaji msaidizi, na kwamba msaidizi mwenyewe ni mimi. Nimeomba kwenda tangu nikiwa mdogo, na kila mara boti ilikuwa imejaa. Safari hiyo ni ya kabini: watu wasiojuana, kila mmoja anakodi kabini yake. Tunatoka Marin, tunalala Saint Lucia chini ya ile milima miwili iliyochongoka ufukweni, kisha moja kwa moja Bequia kwa mashindano ya matanga ya Pasaka, halafu Canouan, Tobago Cays, Union, na kurudi. Baba aliitika kwa kichwa tu, huku anakula. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka uso uliporudi kawaida.

Sasa nina ombi. Jumamosi ya Pasaka, tukitia nanga Admiralty Bay, ghuba yenu, ungeweza kuja gatini? Si lazima useme lolote. Nikuone tu nikiwa juu ya sitaha, nawe unione.

Mdogo wako, kama umekubali,
Loriane


Port Elizabeth
19 Februari

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi ni wazima, ila mvua imeingia karakanani ikalowesha vitambaa.

Nimekubali udogo wako. Ya gatini nimekataa. Nisimame pale kama muuza fulana, nikipunga mkono? Miaka yote hii nimesimama kwenye gati lile. Mara hii nitapanda.

Sikiliza. Mzee Alford, mwenye karakana, ameletewa kazi na ofisi ya boti za baba: maturubai ya kivuli ya boti zao zote, yamechanika na jua. Hana muda. Mimi ninao, usiku nina muda hata wa kugawa. Nitayashona mimi, na sitaki malipo, nataka kabini. Kutoka Bequia mpaka Tobago Cays na kurudi Bequia. Kwa jina langu, Norelle Simmons, mgeni kamili. Baba hajui majina ya wageni wanaopandia njiani mpaka siku yenyewe, Mama Vivi kaniapia.

Nimeshona magodoro ya boti hizo, mito yake, matanga yake, na sijawahi kulala ndani ya hata moja. Nataka kuulizwa asubuhi kama napenda chai au kahawa. Nataka aniulize yeye, mbele yako, na nataka ajibu yeye, mbele ya watu waliolipa: huyu ni nani, na yule ni nani. Basi. Sitaki shamba wala cherehani mpya.

Mama anasema nina kichwa kigumu cha watu wa baba. Hajui kwamba watu hao wapo.

Dada yako,
Norelle


Le Marin
6 Machi

Dada yangu,

Shikamoo tena. Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imeanza kukatika. Mama anauliza kwa nini ninacheka peke yangu, nikasema ni hesabu.

Umesema utapanda, basi ngoja nikupe mambo ya boti, maana wewe unaijua kwa sindano, mimi naijua kwa ufagio. Usije na sanduku gumu, halina pa kuwekwa. Lete mfuko laini. Viatu vinavuliwa kabla ya kupanda na kutiwa kwenye kikapu, na havionekani tena mpaka mwisho. Maji ya kuoga ni kidogo: jipake sabuni baharini, jisuuze kwa mrija wa nyuma. Nimemwomba Mama Vivi akupe kabini ya mbele kushoto. Ina dirisha darini, ukilala unaona mlingoti ukiandika angani. Mimi nitalala kwenye kitundu cha mabaharia puani mwa boti, upande wako huohuo. Kuna ubao tu kati yetu. Nimeupima: ukigonga, nitasikia.

Tobago Cays tutakula kamba-mti wa kuchoma ufukweni. Kuna kasa wanaokuja mpaka miguuni. Baba huwa anawatembeza wageni kuwaonyesha. Nimeona picha zake, anacheka, na wageni wanacheka. Nimefikiri tutakwenda watatu. Nimefikiri sana juu ya hilo. Darasani mwalimu aliniita mara mbili sikumsikia.

Na siku yenyewe itakuwa hivi. Mgeni akipandia njiani, baba humfuata mwenyewe kwa boti ya mpira. Ni desturi yake, hamwachii mtu. Anamshika mgeni mkono ili ashuke kutoka gatini. Yaani atakuwa ameshakushika mkono kabla hajajua la kufanya. Kisha mtafika, na mimi nitakuwa ngazi ya nyuma na sinia ya juisi. Nitasema, "Baba, huyu ni dada."

Najizoeza mbele ya kioo. Sauti inatoka mpaka "Baba," halafu inakaa.

Je, mama yako atakasirika? Wangu sijui kama anajua. Nafikiri anajua jinsi mtu anavyojua paa linavuja upande ambao halali.

Mdogo wako,
Loriane


Port Elizabeth
24 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa vidole vyangu, vilivyotobolewa kila mahali. Wengine wote ni wazima.

Maturubai yamekwisha. Ofisi imekubali. Mzee Alford aliniuliza, "Wewe mwanamke, uende ukalale kwenye boti ambayo unaiona kila siku kutoka dirishani?" Nikamwambia ndiyo, nataka kukiona dirisha kutoka kwenye boti. Akatikisa kichwa, lakini amenishonea mfuko laini kwa mabaki ya tanga.

Nimemwambia mama. Sikuweza kuendelea kushona usiku bila sababu. Nilimwambia yote, nyumba, mke, wewe. Alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kulia. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto anapenda kula nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Dada gani hujui." Kwa hiyo niambie, maana anapika jibini ya mapera, ile ya kuchemsha mapera na sukari mpaka yagande, na hataki kukupa usichopenda.

Baadaye akasema jambo moja ambalo halinikai vizuri. Alisema si adabu kumfuma mtu mzima mbele za watu. Nikamwambia na kumdanganya mtu mzima miaka ishirini na mitatu ni adabu ya wapi? Akachukua nazi nyingine.

Jumamosi ya Pasaka. Nitakuwa mwisho wa gati, upande wa kushoto. Nitavaa nguo ya kijani ambayo sijawahi kuivaa kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuivalia.

Jizoeze.

Dada yako,
Norelle


Port Elizabeth
Jumapili ya Pasaka

Loriane,

Baharia wa feri ya kesho atampa Mama Vivi barua hii Clifton, kule Union, kwa vile najua mtakuwapo. Njia yenu ninaijua, tuliipanga pamoja.

Nilisimama gatini tangu asubuhi. Watu walinipita na chupa zao na kelele za mashindano, wakaniuliza namngoja nani nimependeza hivi. Nikawaambia namngoja baba yangu. Mara ya kwanza kusema hivyo kwa watu, nikasema kwa sauti.

Alasiri nikaiona. Ilitokea kaskazini, nikaitambua kwa kiraka cha tanga kubwa, nilikitia mwenyewe. Nikachukua mfuko. Ikakata mdomo wa ghuba yote, kutoka ncha mpaka ncha, ikaendelea kusini. Haikupunguza hata tanga. Kwenye usukani kulikuwa na mtu mdogo mwenye kofia ya njano, mgeni bila shaka, na baba amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Wewe sikukuona.

Nilirudi nyumbani na mfuko. Mama aliponiona akakaa chini. Ndipo aliposema. Alimwambia baba mpango wetu safari iliyopita, wakati nimetumwa dukani. Alitaka kumpa nafasi ajiandae, atafute maneno mazuri, asiaibike. Anasema baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Vema," akala, akaomba tena shelisheli.

Mwanamke wa Bequia, binti wa baharia, mjukuu wa baharia, na hajui kwamba nahodha ukimwambia mapema, anachokitafuta si maneno. Anatafuta njia nyingine.

Simlaumu. Anakuna nazi tangu jana na hakuna anayekula.

Wewe usiniandikie tena. Si kwa ubaya. Nilikuwa naishi vizuri na saa yangu moja.

Norelle Simmons


Ndani ya feri, kati ya Canouan na Bequia
Jumanne baada ya Pasaka

Dada Norelle,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, na safari hii nauliza kweli. Mama yako je? Mimi nimetapika mara moja, sasa nafuu. Mwandiko utanisamehe, benchi linaruka.

Umesema nisikuandikie. Naandika kwa sababu ndiyo njia pekee ninayojua ya kufika mahali.

Yule mwenye kofia ya njano ni mimi.

Tulipotoka Saint Lucia alfajiri, baba alikuwa mtu mwingine. Alinionyesha nyota, akanifundisha kusoma upepo kwa shingo. Aliongea, dada. Wageni wakasema nahodha wetu mchangamfu, nami nikafikiri: ndivyo alivyo kule kwao, ameanza kunipa na mimi. Tulipomaliza kupita Saint Vincent akaniita, akasema, "Njoo ushike wewe." Hajawahi kumpa mtu usukani kwenye mlango ule wa bahari. Nikaona Bequia inakua. Nikangoja aseme tugeuke. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akasema, "Unakiona kile kilima mbali? Ni Canouan. Kiweke katikati ya mlingoti na kamba. Usikiache."

Mgeni mmoja akauliza, "Na mashindano je? Si tumelipia mashindano?" Baba akasema ghuba imejaa, hakuna pa kutia nanga. Ilikuwa imejaa, ni kweli. Lakini nimemwona akitia nanga penye nafasi ya sinia.

Nilikuwa nimeshika gurudumu la boti. Nusu mzunguko tu kushoto. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, ile ya kioo. Na nikakiweka kile kilima katikati ya mlingoti na kamba, sikukiacha. Nililiona gati. Niliona kitu cha kijani mwisho wake, upande wa kushoto. Baba alisema, "Vizuri sana, mwanangu. Mkono umetulia." Nikafurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba. Kwa dakika ile nilifurahi.

Jana jioni Mama Vivi alinipa barua yako, akakaa karibu yangu mpaka nilipomaliza. Akasema, "Feri inakwenda kaskazini kesho. Mimi sijasema kitu."

Asubuhi nikamwomba baba anipeleke gatini Clifton kununua mkate. Alipofunga kamba nikapanda juu na mfuko wangu. Akaona mfuko si wa mkate.

"Unakwenda wapi?"

Nikasema, "Kwa Norelle."

Jina lako halikuwahi kusemwa kati yetu. Lilikaa pale juu ya maji pamoja na mafuta ya injini. Hakukasirika. Ningependa akasirike. Alitazama mikono yake, akauliza mama yangu ataambiwa nini. Nikasema hilo ataambiwa na yeye. Akauliza kama nina maji ya kunywa. Akavua koti lake la mvua akanirushia, akasema kwenye sitaha ya feri watu hulowa. Kisha akasema, "Mwambie Norelle..." na hakumaliza.

Nikangoja. Unajua kusimama naweza.

Hakumaliza. Basi nikamwambia, "Mwambie mwenyewe, baba. Njia unaijua." Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa pamoja. Alibaki ndani ya boti ya mpira, injini inaunguruma, hafungui kamba wala hapandi. Feri ilipoondoka alikuwa bado hivyo. Wageni wake walikuwa wanangoja mkate.

Sikuleti habari yake, kwa hiyo. Sijui kama atakuja. Usinipokee kama mtu aliyetangulia kumwandalia njia. Nimekuja mimi tu.

Sasa naona ncha ya kisiwa chenu. Barua hii haina mbebaji, Mama Vivi amebaki kule, na nikifika itabidi nifungue mdomo. Hukujua kwamba nakuja, kwa hiyo gatini hutakuwapo, nami sitakulaumu. Nitamsimamisha mtu, nimuulize karakana ya matanga iko wapi. Mimi kule Marin nazunguka mtaa mzima kuliko kumuuliza mtu njia. Akiniuliza mimi ni nani kwako, nimeshachagua jibu, na si refu.

Mlango ukiwa umefungwa, nitakaa nje. Usiharakishe. Maliza mshono.

Mdogo wako,
Loriane